Visasili vya asili ya binadamu: usomaji upi uuchague, na kwa swali lipi?

Anayeuliza kama visasili vya kale vina ukweli kuhusu chimbuko la binadamu huwa tayari ameshika namna fulani ya kuvisoma, mara nyingi bila kujijua. Mwanafunzi wa fasihi simulizi aliyefundishwa kwamba hadithi ya Kintu na Nambi inaeleza asili ya kifo, mzee wa ukoo anayeisimulia kama historia ya ufalme wa Buganda, na kijana aliyetazama video inayodai kwamba miungu ya Sumeri, nchi ya kale katika Iraki ya leo, ilikuwa wageni kutoka sayari nyingine, wote wanasikiliza hadithi za aina moja, ila kila mmoja anatafuta humo kitu chake. Ndiyo maana mabishano kuhusu jambo hili hayaishi: watu hujibizana juu ya hadithi ilhali kinachowatenganisha ni usomaji.

Makala haya yanalinganisha njia nne za kusoma: kusoma neno kwa neno, kusoma hadithi kama kumbukumbu ya tukio la kweli lililovikwa picha, kuisoma kama taarifa ya wageni wa angani, na kuisoma kama hati na tafakuri ya jamii iliyoitunga. Nitazipima kwa maswali yale yale. Je, kulikuwa na mtu aliyeweza kuliona jambo linalosimuliwa? Je, kuna ushahidi ulio nje ya hadithi yenyewe? Je, usomaji huo unaifafanua hadithi nzima, au unachomoa sentensi mbili tatu zinazoupendeza na kuziacha nyingine? Na watu wakiuamini, hutokea nini?

Kipimo cha nje

Kabla ya kulinganisha, ni vema kuweka mezani yale tunayoyajua bila msaada wa hadithi yoyote. Fuvu la zamadamu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, likapewa jina la Zinjanthropus, lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Nyayo za Laetoli, zilizoanza kufukuliwa mwaka 1978, zilikanyagwa kwenye majivu ya volkano takriban miaka milioni 3.66 iliyopita na viumbe waliotembea wima lakini ambao hawakuwa bado watu kama sisi. Mabaki ya kale zaidi yanayohusishwa na aina yetu, yale ya Jebel Irhoud nchini Moroko, yalitangazwa mwaka 2017 kuwa na umri wa takriban miaka 300,000, na yale ya Omo Kibish kusini mwa Ethiopia yalikadiriwa upya mwaka 2022 kuwa na umri wa zaidi ya miaka 200,000.

Vinasaba navyo vina neno lao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba wanadamu wote walio hai wanaweza kufuatiliwa, kwa upande wa uzao wa mama peke yake, hadi kwa mwanamke mmoja aliyeishi Afrika yapata miaka 200,000 iliyopita. Magazeti yalimwita Hawa, na jina hilo limepotosha watu wengi kuliko lilivyowaelimisha, kwa sababu mwanamke huyo hakuwa peke yake duniani. Aliishi miongoni mwa maelfu ya watu wengine, ila nyuzi za uzao wa mama za wengine hao zilikatika njiani, kila mara mwanamke alipokufa bila kuacha binti. Hakukuwa na siku ambayo mama asiye binadamu alijifungua mtoto aliye binadamu. Makundi ya viumbe yalibadilika polepole, vizazi kwa vizazi, katika sehemu mbalimbali za Afrika, na hakuna aliyekuwapo ambaye angeweza kusema, "Leo tumeanza."

Jambo hili la mwisho ndilo litakaloamua mengi huko mbele. Tukio lisilo na shahidi haliwezi kukumbukwa.

Kusoma neno kwa neno

Usomaji wa kwanza ni rahisi kuueleza: hadithi inasema kilichotokea. Nguvu yake ni heshima inayompa msimulizi, kwani haumfanyi mzee aonekane mtu aliyesema jambo moja huku akimaanisha jingine. Udhaifu wake unaonekana mara tu hadithi mbili zinapowekwa pamoja. Baganda husimulia kwamba Kintu aliishi peke yake na ng'ombe wake mmoja mpaka Nambi, binti wa Ggulu, aliposhuka kutoka mbinguni. Wakikuyu husimulia kwamba Ngai alimpa Gikuyu nchi akiwa juu ya Kirinyaga, akampa na mke, Mumbi, nao wakakaa Mukurwe wa Nyagathanga, katika eneo ambalo leo ni Murang'a, wakazaa binti tisa "kamili", maana ya kwamba walikuwa kumi. Hawawezi wote wawili kuwa mtu wa kwanza, na hakuna kigezo ndani ya hadithi hizo cha kumchagua mmoja na kumwacha mwingine, isipokuwa ukabila wa anayechagua.

Kuna hoja nzito zaidi, nayo inatoka kwa wasimulizi wenyewe. Mapokeo ya Buganda yanazitambua koo zilizokuwa nchini kabla Kintu hajaingia, na yanamtaja Bemba, mtawala ambaye Kintu alimshinda. Mapokeo ya Wakikuyu yanawataja Wagumba, watu wafupi waliosemekana kuishi katika mashimo, ambao Wakikuyu waliwakuta walipofika kwenye misitu ya milimani. Kwa maneno mengine, jamii hizi hizi zilihifadhi bega kwa bega hadithi ya mtu wa kwanza na kumbukumbu ya watu waliotangulia, na hazikuona mgongano wowote. Hilo linaonyesha kwamba wasimulizi hawakuichukulia hadithi ya mtu wa kwanza kama cheti cha kuzaliwa cha binadamu wote. Anayesoma neno kwa neno anaishika hadithi kwa ukali ambao wenyewe hawakuwa nao.

Neno moja kuhusu vitabu vya dini. Mwislamu na Mkristo wanaoamini kwamba Adamu aliumbwa kwa udongo hawaamini hivyo kwa sababu hadithi imepita katika mizani ya akiolojia, bali kwa sababu wanaipokea kama ufunuo, na ndani ya dini zote mbili kuna wanazuoni wanaoisoma kwa namna zaidi ya moja. Mizani ninayotumia hapa haikutengenezwa kupima imani, kwa hiyo sitaipima.

Kusoma kama kumbukumbu iliyovikwa vazi

Usomaji wa pili unasema kwamba chini ya picha za miungu na majitu kuna tukio la kweli. Ndio unaostahili muda mrefu zaidi, kwa sababu mara nyingine umethibitika, na kwa sababu mipaka yake inaweza kupimwa.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Washirazi. Masimulizi ya Kilwa, yaliyoandikwa katika karne ya 16, yanaeleza jinsi watu wa Shirazi walivyofika kwa majahazi, na jinsi kisiwa kilivyopatikana kwa mtawala wa Kiafrika kwa malipo ya nguo ya kutosha kukizunguka. Kwa muda mrefu watu waligawanyika pande mbili. Wapo waliochukua masimulizi hayo kama yalivyo, wakahitimisha kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni, na serikali ya kikoloni ilipendezwa sana na hitimisho hilo. Wapo wengine, hasa baada ya uhuru, walioyaona kuwa majigambo ya mabwana waliotaka nasaba tukufu, wakaonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu na kwamba uchimbuaji wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulifunua msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8, katika mji uliokuwa na sura ya Kiafrika.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya takriban mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa, Faza na Kilwa. Matokeo hayakumfurahisha kikamilifu mtu wa upande wowote. Sehemu kubwa ya asili ya watu hao, mara nyingi zaidi ya nusu, ilikuwa ya Kiafrika, na ilipita hasa kwa wanawake. Sehemu nyingine kubwa ilitoka Asia, hasa Uajemi, nayo ilipita hasa kwa wanaume. Na kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000. Masimulizi ya Kilwa, kumbe, hayakubuni Waajemi. Yaliwakumbuka baba na kuwasahau mama, na yalisema "tulifika" pale ambapo ukweli ulikuwa "tulioana". Ni lazima kuongeza kwamba makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wa tabaka la juu, kwa hiyo matokeo hayawezi kubebeshwa pwani nzima.

Hapa tunapata kielelezo cha namna kumbukumbu inavyofanya kazi: mwelekeo wa tukio unaweza kubaki kwa karne nyingi, ilhali uzito wa kila mhusika unabadilishwa na wale wanaonufaika na hadithi. Nami naona kwamba hiki ndicho kipimo bora zaidi tulicho nacho Afrika Mashariki kwa swali hili, bora kuliko piramidi na Atlantis ambazo watu wanapenda kuzitaja.

Kumbukumbu inaweza kwenda mbali kiasi gani? Katika jimbo la Oregon, Marekani, Waklamath husimulia vita kati ya Llao, mkuu wa ulimwengu wa chini, na Skell, mkuu wa ulimwengu wa juu. Mlima ukarusha moto, kisha ukaporomoka ndani yake wenyewe, na shimo likajaa maji. Wanajiolojia wanajua kwamba mlima Mazama ulilipuka na kuporomoka namna hiyo yapata miaka 7,700 iliyopita, na kwamba ziwa lililopo sasa limo katika kasoko iliyoachwa. Kwamba watu walikuwapo si dhana: katika pango la Fort Rock zilipatikana ndara zilizosukwa kwa magome, zikiwa chini ya majivu ya mlipuko huo. Kuna shahidi, kuna tukio lisilosahaulika, kuna mahali panapoonekana kila siku na kumkumbusha msimulizi, na kuna jamii iliyobaki karibu na pale. Masharti yote manne yametimia, na kwa hiyo hata mtu mwenye shaka anaweza kukubali.

Masharti hayo yakipungua, usomaji huu unateleza haraka. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, Wanage husimulia kuhusu ebu gogo, viumbe wafupi wenye manyoya na tumbo lisiloshiba. Mwaka 2003, katika pango la Liang Bua kisiwani humo, yalipatikana mabaki ya zamadamu mwenye kimo cha takriban mita moja, na makadirio ya kwanza yalisema kwamba aliishi hadi miaka 18,000 hivi iliyopita au hata baadaye. Wengi walishangilia: hadithi imethibitishwa! Lakini mwaka 2016 tarehe zilirekebishwa, na mifupa hiyo ikaonekana kuwa ya miaka 60,000 au zaidi. Pengo lilipopanuka, ushangiliaji ulinyamaza. Hadithi ya Wanage haikubadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni uwezekano wa kuiunganisha na mifupa.

Gharika ya Mesopotamia inafundisha tahadhari ya aina nyingine. Mwaka 1929 mwanaakiolojia Leonard Woolley, akichimba mji wa kale wa Ur, alikuta tabaka nene la matope ya mto na kutangaza kwamba ameiona gharika ya hadithi. Baadaye ilifahamika kwamba matope ya gharika katika miji mingine ya nchi hiyo ni ya nyakati tofauti, na katika miji mingine hayapo kabisa. Nchi ya mito miwili ilifurika mara nyingi. Hadithi inaweza kuwa imebeba uzoefu huo wote kwa pamoja bila kuwa kumbukumbu ya siku moja.

Sasa tulete chimbuko la binadamu. Miaka 300,000 ni takriban mara 40 ya umri wa mlipuko wa Mazama, na tukio lenyewe halikuwa tukio, kwa kuwa hakuna aliyeliona likitokea. Usomaji wa pili, pamoja na mafanikio yake yote, haufiki huko. Unaweza kutueleza kuhusu kufika, kuhama, kuoana, kulipuka kwa mlima na kupanda kwa bahari. Unatueleza asili ya watu fulani mahali fulani. Mtu anayeuvuta hadi kwenye asili ya binadamu anautumia nje ya mipaka yake.

Kusoma kama habari za wageni wa angani

Usomaji wa tatu unapendwa mitandaoni kuliko yote, na unajidai kuwa wa kisayansi. Zecharia Sitchin, aliyeanza kuchapisha madai yake mwaka 1976, alisema kwamba Anunnaki wa maandishi ya Sumeri walikuwa wakazi wa sayari iitwayo Nibiru, kwamba walikuja kuchimba dhahabu kusini mwa Afrika, na kwamba walimtengeneza binadamu kwa kuchanganya mbegu zao na za zamadamu ili apatikane mfanyakazi wa migodini. Kinachovutia ni kwamba dai hili limechukua kitu cha kweli. Utenzi wa Atrahasis, ambao tunao katika mabamba ya udongo yaliyonakiliwa katika karne ya 17 kabla ya Kristo, kweli unasema kwamba binadamu aliumbwa ili awe mfanyakazi.

Basi tuusome utenzi wenyewe. Miungu wadogo, Igigi, wamechoka kwa kazi. Kazi gani? Kuchimba mito na mifereji. Dhahabu haimo. Wanachoma majembe na vikapu vyao, wanazingira nyumba ya Enlil, mungu mkubwa anayewatawala, usiku, na mgomo unakwisha pale inapoamuliwa kwamba mungu mmoja achinjwe, nyama na damu yake vichanganywe na udongo, na binadamu aundwe achukue kazi. Watu wanaongezeka, kelele zao zinamnyima Enlil usingizi, naye anatuma tauni, ukame na hatimaye gharika. Baada ya gharika miungu wenyewe wanataabika kwa njaa kwa kuwa hakuna anayewatolea sadaka. Mwishoni unawekwa utaratibu mpya: baadhi ya wanawake wawe tasa, pawepo na pepo wa kuwanyakua watoto wachanga, na wapo makuhani wa kike watakaokatazwa kuzaa.

Aliyeishi katika nchi ambayo chakula chote kilitegemea mifereji, na ambayo mtawala aliwaita watu kwenye kazi ya lazima ya kuizibua kila mwaka, hahitaji kuelezwa hadithi hii ilitoka wapi. Usomaji wa wageni wa angani unachukua neno "mfanyakazi" na kuitupa mifereji, kelele, sadaka, utasa na vifo vya watoto, yaani karibu hadithi yote. Nibiru nayo, katika maandishi ya falaki ya Babeli, ni jina linalohusishwa na nyota ya Marduk, mungu mkuu wa Babeli, na mara nyingine na sayari tunayoiita Mshtarii. Hakuna bamba linaloitaja kuwa makao ya Anunnaki. Vinasaba vyetu vina alama za kuchanganyika na aina nyingine, hilo ni kweli: mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba watu wenye asili ya nje ya Afrika wanabeba takriban asilimia 2 kutoka kwa Neanderthal. Hao walikuwa jamaa zetu wa duniani, mifupa yao tunayo.

Nimeupa usomaji huu nafasi kwa sababu unaaminiwa na wengi, si kwa sababu mizani inayumba. Kuna tena jambo linalokera ndani yake: mara nyingi unawanyang'anya watu wa kale, hasa Waafrika na watu wa Asia ya Magharibi, uwezo wa kubuni na kujenga, na kuukabidhi kwa mgeni asiyeonekana.

Kusoma kama hati na tafakuri ya jamii

Usomaji wa nne hauulizi kama jambo lilitokea, bali hadithi inafanya kazi gani. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliutetea mwaka 1926 kwa kutumia mifano ya visiwa vya Trobriand, ambako kila ukoo huonyesha tundu ambamo mababu zake walitokea ardhini, na tundu hilo ndilo hati ya haki yao juu ya ardhi. Wamaasai wanaposimulia kwamba Enkai aliwashushia ng'ombe wote kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi, hadi mwindaji Mdorobo mwenye wivu alipoukata, wanaeleza papo hapo kwa nini ng'ombe wote wa duniani ni wao na kwa nini mwindaji hana. Hati hii haijawahi kuwapendeza majirani.

Hadithi ya Gikuyu na Mumbi inafanya kazi kama hiyo kwa upole zaidi. Koo kuu za Wakikuyu zinabeba majina ya mabinti, Wanjiru, Wambui, Wangari na dada zao, katika jamii ambayo urithi unapita kwa baba. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, aliandika pia masimulizi ya jinsi wanawake walivyotawala zamani hadi wanaume walipopanga njama ya kuwapindua wakati wanawake wote walipokuwa wajawazito, na jinsi wanawake walivyokataa katakata majina ya koo yabadilishwe. Ukiisoma kama historia hutapata ushahidi wa utawala huo. Ukiisoma kama mazungumzo ya jamii kuhusu nani ana haki gani, na kwa nini majina yanasema jambo moja na mashamba yanasema jingine, inajaa maana.

Lakini usomaji huu haukomei kwenye haki na mali. Kintu alipewa majaribu: ale chakula cha nyumba nzima, apasue mwamba kuwa kuni, akusanye umande mtungi ujae, amtambue ng'ombe wake miongoni mwa makundi, na nyuki akamwonyesha. Alishinda yote. Kisha akaonywa aondoke na Nambi haraka wasirudi nyuma, maana Walumbe, yaani kifo, kaka yake Nambi, angewafuata. Njiani Nambi akakumbuka ulezi, nafaka ya kulisha kuku wake, akarudi, na Walumbe akaja naye. Walumbe aliomba mtoto mmoja wa kumsaidia kazi, akanyimwa, na watoto wakaanza kufa. Kayikuzi, kaka mwingine wa Nambi, alitumwa amkamate, lakini Walumbe alizama ardhini huko Ttanda, na mashimo yapo hadi leo.

Angalia kilichosemwa hapa. Kifo hakikuletwa na uovu mkubwa. Kililetwa na kushughulikia chakula cha kuku. Yaani uangalizi ule ule unaowafanya watu waishi nyumbani, wafuge na walime, ndio uliomfungulia kifo mlango, na kifo ni shemeji, si adui wa mbali. Binadamu ni kiumbe anayejua kwamba atakufa na bado anapanda. Hayo hayakuonekana katika mfupa wowote wa Olduvai, na wala hayahitaji shahidi aliyekuwapo mwanzoni, kwa sababu kila kizazi ni shahidi wake.

Usomaji wa nne nao una ugonjwa wake: unanyumbulika mno. Msomaji mwerevu anaweza kupata "maana" yoyote katika hadithi yoyote na asiweze kukanushwa. Dawa, kwa kadiri ninavyoona, ni kumtaka aonyeshe kwamba maana yake inazifafanua sehemu nyingi za hadithi na si moja, kama mifereji inavyoifafanua Atrahasis, na kwamba watu wenye hadithi wanaitumia kweli katika kurithi, kuoa, kuzika au kugawana ardhi.

Kosa la usomaji linapogeuka silaha

Anayedhani kwamba uchaguzi huu ni wa darasani tu aangalie Rwanda. Masimulizi ya huko yanasema kwamba Kigwa na wenzake walianguka kutoka mbinguni, na yapo yanayowafanya Gatwa, Gahutu na Gatutsi kuwa wana wa baba mmoja waliojaribiwa kwa kupewa maziwa wayalinde usiku: mmoja akayanywa, mwingine akayamwaga, wa tatu akayatunza. Usomaji wa nne unaona hapa hati ya ngazi za jamii, iliyowafaa waliokuwa juu. Wasomi wa Ulaya, kuanzia John Hanning Speke katika kitabu chake cha mwaka 1863, walikuwa na dhana kwamba watawala wa eneo la maziwa makuu walitokana na wafugaji wavamizi waliotoka upande wa Ethiopia. Hadithi ya kushuka kutoka juu ilipokutana na dhana hiyo, ilisomwa kama kumbukumbu ya uvamizi. Utawala wa Ubelgiji uliufunga usomaji huo ndani ya vitambulisho vya kabila katika miaka ya 1930. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano huko Kabaya na kuzungumzia kuwarudisha Watutsi Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mito ilibeba maiti.

Hadithi ile ile ilikuwa na baba mmoja wa watoto watatu. Sehemu hiyo haikuchaguliwa na mtu.

Kuchagua

Kama swali lako ni lini na wapi binadamu alianza, hakuna hata usomaji mmoja kati ya hizi nne utakaokujibu, na ni heri uende kwenye makumbusho ya Olduvai au ya Nairobi. Kama swali lako ni asili ya ukoo, mji au kabila lako katika miaka elfu moja au zaidi kidogo, chagua usomaji wa pili, lakini uuambatanishe na lugha, magofu, makaburi na vinasaba, na daima uulize ni nani aliyeachwa nje ya hadithi, kama mama wa pwani walivyoachwa. Kama wewe ni mwalimu na unataka wanafunzi waelewe kwa nini watu wa kale waliona kazi, kifo, uzazi na mamlaka kama walivyoviona, usomaji wa nne ndio wako, na usiogope kuupitisha hata kwenye hadithi za nyumbani kwako mwenyewe, ambazo kwa kawaida ndizo ngumu zaidi kuzisoma kwa utulivu. Mzazi anayesimulia usiku hahitaji kuchagua chochote; mtoto ataelewa mwenyewe kwamba shemeji wa namna ile ni hatari. Usomaji wa tatu simpendekezei mtu, isipokuwa kama burudani.

Anayekusanya masimulizi kwa ajili ya utafiti au kumbukumbu ya familia ana kazi ya kufanya kabla ya uchaguzi wowote, nayo ni kupanga nakala mbili au tatu za hadithi moja na kuandika ni nani aliyeinakili kila moja, mwaka gani, kwa lugha gani na mbele ya nani. Orodha ya wafalme wa Buganda tunayoizoea, inayoanza na Kintu, ilichapishwa na Apolo Kagwa mwaka 1901, naye alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, na Mkristo wa kizazi cha kwanza. Na katika hadithi ya ulezi, zipo nakala za zamani ambamo si Nambi anayerudi kuuchukua, bali Kintu mwenyewe.